Bastola na Mwenyewe

Katika jumba la makumbusho ya historia ya kijeshi mjini Vienna kuna bastola ndogo nyeusi inayoenea kiganjani. Ilitengenezwa na kiwanda cha Fabrique Nationale huko Herstal, Ubelgiji. Ni ya muundo wa mwaka 1910, na ubavuni imepigwa chapa ya namba 19074. Kiwanda kilitoa bastola za muundo huo kwa maelfu, na ukizipanga mezani hakuna jicho litakalozitofautisha. Hii moja ilifyatuliwa mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, ikiwa mkononi mwa kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip. Waliouawa ni Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Hata miezi miwili haikutimia, vita vya Ulaya vikawa vimefika Taveta na Dar es Salaam.

Safari ya bastola yenyewe baada ya siku ile haijulikani sana. Kesi ilipokwisha, vielelezo vilimfikia Anton Puntigam, padri Mjesuiti aliyewapa mpako wa mwisho wale waliouawa. Padri alitaka kuanzisha makumbusho ya marehemu. Akafariki mwaka 1926 bila kuyaanzisha, na vitu vikabaki mikononi mwa Wajesuiti wa Austria hadi 2004, walipovikabidhi kwa makumbusho ya Vienna. Katika miaka hiyo yote vitabu vingi viliandika kwamba Princip alitumia Browning ya muundo wa 1900, kitabu kimoja kikinakili kosa la kingine. Wenzake katika njama walikuwa wamegawana bastola nne za aina moja, kwa hiyo umbo la silaha peke yake lisingeweza kusema ipi ilikuwa ya nani. Kilichoweza kusema ni namba iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama na kuchongwa kwenye chuma.

Kazi yote ya wakusanyaji wa bastola za vita inasimama juu ya jambo hilo. Chuma ni cha kiwanda, na kila kipande kina mapacha wengi. Mwenyewe ndiye anayekitenga na mapacha wake, na mwenyewe huyo hujulikana kwa mambo madogo sana: namba, mkwaruzo, karatasi iliyokunjwa ndani ya mkoba wa ngozi, jina lililochongwa kwa ncha ya kisu. Mambo hayo yakipotea, kinachobaki ni kifaa cha kuulia watu, hakina zaidi. Ndiyo maana mkusanyaji wa kweli humwogopa fundi mwenye mikono myepesi kuliko anavyoiogopa kutu.

Bunduki ni mali ya jeshi. Hutolewa ghalani, hurudishwa ghalani, na kesho hubebwa na mwingine. Bastola hukaa kiunoni. Katika jeshi la Uingereza, hadi kufikia Vita Kuu ya Kwanza, ofisa alijinunulia bastola kwa fedha zake mwenyewe kama alivyojinunulia upanga na buti. Sharti kubwa lilikuwa moja, kwamba iweze kutumia risasi za jeshi za kipimo cha .455. Wengi walichagua rivolva ya Webley iliyotengenezwa Birmingham, ile inayovunjika katikati kwa bawaba ili maganda ya risasi yaruke nje yote kwa pamoja. Aina yake ya sita, Mark VI, iliingia jeshini mwaka 1915 na ikaenda nayo kila mahali bendera ya Uingereza ilikopepea, kuanzia mahandaki ya Ufaransa hadi vichaka vya Afrika Mashariki. Moja kati ya hizo iko katika mikusanyo ya Imperial War Museum ya Uingereza. Mwenye nayo alikuwa ofisa mdogo wa mawasiliano katika kikosi cha Lancashire Fusiliers, aliyepigana Somme mwaka 1916 kisha akarudishwa nyumbani na homa ya mahandaki. Jina lake J. R. R. Tolkien. Wageni huisogelea bastola hiyo kwa sababu ya vitabu alivyokuja kuandika baadaye, ingawa silaha yenyewe haina tofauti yoyote na ya luteni mwenzake aliyezikwa kule kule.

Winston Churchill naye alikuwa na Mauser C96, bastola ya Kijerumani yenye mpini mwembamba na kasha la risasi mbele ya kifyatulio. Hakuichagua kwa madaha. Mwaka 1896, alipokuwa akishuka botini bandarini Bombay, bega lake la kulia liliteguka, na tangu hapo upanga ukamwia mzito. Kwa hiyo tarehe 2 Septemba 1898 huko Omdurman, nchini Sudan, wakati kikosi cha wapanda farasi cha 21st Lancers kilipowavamia wapiganaji wa Khalifa, wenzake wengi walikuwa na mikuki na panga, yeye akawa na bastola. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Novemba 1899, treni ya kivita aliyosafiria kama mwandishi wa habari huko Natal ilinaswa na Makaburu. Mpanda farasi mmoja alimwelekezea bunduki. Churchill akapeleka mkono kiunoni, akakuta patupu: alikuwa ameivua bastola alipokuwa akihangaika kuifungua njia ya reli. Akasalimu amri, akafungwa Pretoria, akatoroka. Bastola ilirudi salama pamoja na kichwa cha treni, na aliendelea kuwa nayo kwa miaka mingi. Angekuwa nayo kiunoni dakika ile, huenda pasingekuwa na Churchill wa 1940.

Lakini sehemu kubwa ya bastola zinazokusanywa leo hazikufika kwa njia ya urithi wa maofisa. Zilifika kama nyara.

Iliyotamaniwa kuliko zote ni Luger. Ilibuniwa na Georg Luger na kutengenezwa na kampuni ya DWM ya Berlin. Uswisi ilikuwa ya kwanza kuichukua, mwaka 1900. Jeshi la majini la Ujerumani likafuata 1904, na jeshi la nchi kavu 1908. Askari wa Uingereza, Kanada na Marekani waliotoka Ufaransa mwaka 1918 waliitafuta kwenye miili ya maadui na mifukoni mwa mateka, na watoto wao wakaitafuta tena mwaka 1944. Ulikuwa ushahidi kwamba mtu alifika mstari wa mbele, ingawa ukweli ni kwamba nyingi zilinunuliwa kwa sigara kutoka kwa askari wengine waliozipata wao. Hapo simulizi za familia nyingi huanza kuyumba. Babu alisema alimpokonya ofisa wa Kijerumani. Huenda alimpa dereva wa lori paketi mbili za sigara.

Jeshi la Marekani lilijaribu kuweka utaratibu. Chini ya waraka namba 155 wa Wizara ya Vita, wa tarehe 28 Mei 1945, askari aliruhusiwa kurudi nyumbani na vifaa alivyoteka, mradi awe na cheti kilichotiwa saini na mkuu wake kikitaja jina lake na orodha ya vitu vyenyewe. Mara nyingine namba ya bastola iliandikwa pia. Ilikuwa karatasi duni ya fomu, na wengi waliitupa walipofika nyumbani. Leo bastola iliyobaki na karatasi yake ina thamani kubwa zaidi ya dada yake isiyo nayo, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo inayomtaja mtu, kikosi chake na namba yake ya jeshi. Kuanzia hapo mtafiti anaweza kufungua daftari za kikosi na kujua kilikuwa mto gani, kijiji gani, wiki ipi.

Nyara moja iliacha alama katika biashara nzima. Mwaka 1945 William Ruger, mbunifu kijana wa Kimarekani, alipata bastola ya Kijapani aina ya Nambu kutoka kwa askari wa majini aliyekuwa akirejea. Akaifumua gerejini mwake, akajifunza jinsi kipande cha nyuma kinavyoteleza ndani ya bomba, akaunda mifano yake mwenyewe. Mwaka 1949 ikatoka Ruger Standard, bastola ndogo ya kulengea shabaha iliyoijenga kampuni ambayo hadi sasa ni kati ya kubwa kabisa Marekani.

Kuna bastola nyingine ambazo historia yake si ya mtu mmoja, ni ya wafanyakazi wa kiwanda kizima. Huko Radom, Poland, kilikuwepo kiwanda kilichotengeneza Vis ya mwaka 1935, silaha imara iliyochongwa tai wa Poland ubavuni. Wajerumani walipoiteka nchi mwaka 1939 walikiendesha kiwanda kile kwa faida yao, wakaondoa tai na kuweka chapa zao. Wafanyakazi nao wakawa wanaiba vipande na kuvipeleka kwa jeshi la siri la Poland. Ilipogundulika, Oktoba 1942, Wajerumani waliwanyonga watu hadharani, wakiwemo wafanyakazi wa kiwanda. Utengenezaji wa mitutu ulifanyika Steyr, Austria, ili bastola kamili isipatikane Radom. Kwa hiyo mtu anapoishika Vis ya wakati wa vita, akaona ubovu wa umaliziaji, alama za patasi zilizoachwa bila kusuguliwa na chapa ya ukaguzi ya Kijerumani, ameshika ushahidi wa kazi ya kulazimishwa. Mkusanyaji anayeitazama kama “nakala duni” ya ile ya kabla ya vita hajaisoma bado.

Kusoma ndiko kazi yenyewe. Luger ilipotoka kiwandani ilikuwa na namba kamili mwilini, na tarakimu mbili za mwisho zilirudiwa kwenye vipande vidogo vidogo, hata kile unachokibonyeza ili kutoa kasha la risasi. Zikilingana zote, bastola haikuchanganywa na nyingine. Mbele ya mpini, katika zile za Vita Kuu ya Kwanza, mara nyingi kuna herufi na tarakimu za rejimenti, kampani na namba ya silaha. Bastola za Mauser za miaka ya 1930 ziliandikwa kwa fumbo: herufi K ilisimama badala ya mwaka 1934 na G badala ya 1935, kwa sababu Ujerumani haikutaka ulimwengu ujue inajiandaa upya kwa vita. Mauser C96 zilizoagizwa mwaka 1916 kwa ajili ya risasi za milimita 9 zilichongwa tarakimu 9 kubwa mpinini na kupakwa rangi nyekundu, ili askari asije akaweka risasi za kipimo cha zamani. Oda ilikuwa ya bastola 150,000.

Nazo zile zilizotekwa na Jeshi Jekundu zina hadithi ya namna nyingine. Baada ya vita, karakana za Kisovieti zilizifumua kwa wingi, zikavitosa vipande kwenye rangi nyeusi ya moto na kuviunga upya bila kujali namba. Nyingi zilipigwa alama ya X. Wakusanyaji wa zamani walizidharau kwa kuwa hazina uzima. Siku hizi mtazamo umeanza kubadilika, na ni haki. Mchanganyiko ule ni historia yake halisi: ilianguka Stalingrad au Königsberg, ikakaa ghalani Ukraine nusu karne, ikauzwa ng’ambo. Kuzitafutia vipande vinavyolingana ili zifanane na zile za askari wa Kimarekani ni kuifuta safari hiyo yote.

Kuhusu ufundi, hatua ya kwanza haina uhusiano na uzuri. Ni kuhakikisha haina risasi. Bastola nyingi hutoka kwenye masanduku ya marehemu zikiwa na risasi ndani ya kasha, zilizowekwa miaka 70 iliyopita na mtu aliyesahau au asiyeweza tena kusema. Kisha huja uchunguzi wa kina kwa macho na picha, kabla tone la mafuta halijagusa chuma. Fundi mzuri huandika kila alama aliyoikuta. Baadhi ya alama zinaonekana vizuri zaidi kabla ya kusafisha, kama mabaki ya rangi nyekundu ndani ya tarakimu 9, au vumbi la chaki ndani ya herufi za jina.

Kutu nyekundu ni adui, lakini haiondolewi kwa msasa. Msasa hula chuma, na pamoja na chuma hula chapa. Njia inayopendwa na mafundi waangalifu ni kuchemsha: vipande vilivyoondolewa mafuta hutiwa katika maji yaliyotoneshwa, yasiyo na madini, yakatokota kwa muda. Joto na maji hugeuza kutu nyekundu inayokula kuwa kutu nyeusi iliyotulia, inayoshikamana na chuma na kukilinda. Kisha hupigwa taratibu kwa brashi laini ya nyuzi za chuma au sufi ya chuma iliyo nyembamba kabisa. Rangi ya zamani iliyofichwa chini ya kutu huibuka. Zoezi hurudiwa mara kadhaa. Rangi haikuongezwa; ile iliyokuwapo imeokolewa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kuhifadhi na kupamba.

Rangi ya bluu-nyeusi ya bastola za zamani ilipatikana kwa njia iyo hiyo, ila kwa makusudi: chuma kilipakwa tindikali, kikaachwa kishike kutu nyembamba, kikachemshwa, kikasuguliwa, kikapakwa tena, siku baada ya siku. Katika Luger za mwanzo vipande vidogo, kama kifyatulio na kizuizi, vilipashwa moto hadi vikawa na rangi ya manjano kama majani makavu. Mafundi wa leo wanaoweza kurudia kazi hiyo kwa usahihi ni wachache, na ustadi wao ni wa kuheshimiwa. Hata hivyo, bastola ya vita iliyopakwa rangi upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata kama kazi ni nzuri kupita ya kiwanda. Sababu ni rahisi. Pale ubavuni rangi ilipolika na chuma kikang’aa ndipo ngozi ya mkoba iliposugua kwa miaka minne. Pale kwenye mpini palipokuwa laini ndipo kidole gumba cha mtu fulani kilipokaa. Ukiipaka rangi umemfukuza huyo mtu.

Yapo madhara yasiyorudishika. Baada ya Vita vya Pili, Webley za .455 ziliuzwa Marekani kwa wingi, na wauzaji wakachonga nyuma ya silinda zake ili zitumie risasi za .45 za Kimarekani zilizokuwa rahisi kupatikana. Chuma kilichochongwa hakirudi. Fundi anaweza tu kuacha ilivyo na kueleza wazi, na hiyo nayo ni sura ya historia yake: silaha ya ofisa wa himaya iliyokatwa ili mtu wa Ohio alenge makopo nyuma ya nyumba.

Ngozi inahitaji tahadhari yake. Mkoba wa bastola ni shahidi muhimu, pengine muhimu kuliko bastola, kwa sababu ndani ya kifuniko chake ndimo askari walimoandika majina. Lakini kuuhifadhi pamoja na bastola ndani yake ni kosa. Ngozi huvuta unyevu na hubaki na kemikali za kudabagia, na chuma kikilala humo huota kutu kimya kimya. Hukaa mbalimbali, kila kimoja mahali pakavu, chuma kikiwa na tabaka jembamba la nta ya makumbusho.

Pale penye thamani, wadanganyifu hawakosekani. Chapa za kikosi cha SS cha Kinazi hupigwa upya juu ya bastola za kawaida. Vyeti vya nyara hughushiwa kwenye karatasi za zamani. Majina ya marubani mashuhuri huchongwa kwenye mipini ya mbao ambayo haikuwahi kutoka ghalani. Chapa mpya mara nyingi huinua kingo kali zinazohisika kwa ukucha, nayo ya zamani kingo zake zimelika pamoja na chuma kilichoizunguka. Lakini waghushi nao wamejifunza kulainisha. Wakongwe huwaonya wageni wanunue silaha, wasinunue hadithi. Ushauri huo unamlinda mnunuzi, lakini ukifuatwa bila kufikiri unaua shughuli yenyewe. Hadithi ndiyo yenye thamani. Kinachotakiwa ni kuitafutia ushahidi. Kampuni za Kimarekani kama Colt zina kumbukumbu za viwandani, na mwenye silaha akilipa ada hupata barua inayoeleza ilitoka lini na ilipelekwa wapi. Kwingine kuna orodha za vikosi, barua za askari kwa wake zao, picha ambamo bastola inaonekana kiunoni.

Uingereza ndiko ambako sheria yenyewe imeipa hadithi uzito. Tarehe 13 Machi 1996 mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi mjini Dunblane, Scotland, akiwa na bastola alizozimiliki kihalali. Aliwaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata bunge lilipiga marufuku umiliki wa bastola, na maelfu ya watu walizikabidhi polisi. Lakini sheria ile ya 1997 iliacha mlango mwembamba. Aina fulani za bastola zilizotengenezwa kabla ya 1919, ambazo risasi zake hazipatikani kwa urahisi, zingeweza kubaki nyumbani kwa kibali maalumu. Na nyingine za karibuni zaidi zingeweza kubaki chini ya ulinzi mahali palipotengwa, endapo ni adimu sana, au zina upekee wa kiufundi, au zina umuhimu wa kihistoria. Kwa hiyo mtu mwenye bastola ya kawaida ya Vita vya Pili alilazimika kuthibitisha ilikuwa ya nani na ilifanya nini. Bastola yenye mwenyewe iliweza kuokoka, na pacha wake asiye na jina akayeyushwa. Wapo wakusanyaji walionung’unika. Lakini mbele ya makaburi ya Dunblane, hicho ni kipimo cha haki kadiri mtu awezavyo kukiwaza.

Yanayotokea familia zinapofungua masanduku hutegemea nani yupo mlangoni. Desemba 2012 huko Hartford, Connecticut, polisi walikuwa wakinunua silaha kutoka kwa raia ili ziharibiwe. Mwanamke mmoja akaleta bunduki ya baba yake aliyepigana Ulaya. Maofisa wawili waliitambua: Sturmgewehr 44 ya Kijerumani, mzazi wa bunduki zote za kushambulia za leo, yenye thamani ya maelfu ya dola. Walimweleza, wakakataa kuiteketeza. Ingekuwa zamu ya maofisa wengine, ingekuwa vyuma chakavu.

Afrika Mashariki haina desturi ya raia kukusanya bastola za vita, na sheria za silaha za Kenya na Tanzania haziachi nafasi pana kwa hilo. Lakini vita vyenyewe vilipita hapa, na silaha zilibadilisha wenyewe kwa kasi ambayo mkusanyaji wa Ulaya angeumwa kichwa. Novemba 1914, Tanga, jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck liliteka kutoka kwa Waingereza bunduki 455, bunduki za rashasha na mamia ya maelfu ya risasi. Tarehe 25 Novemba 1917, Ngomano, kando ya Ruvuma, liliwapokonya Wareno silaha zao. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, lilipoweka silaha chini Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, lilikabidhi bunduki za rashasha 37, nazo 30 kati yake zilikuwa za Waingereza, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Waingereza walikuwa wakipokea mali yao wenyewe.

Na askari Waafrika waliozibeba? Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa malimbikizo ya mishahara mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck. Inasimuliwa kwamba wazee mia tatu na ushee walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti alivyowapa kamanda wao mwaka 1918, wengine walikuja na vipande vya sare. Wengi hawakuwa na kitu. Ndipo mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Hakushindwa hata mmoja. Kumbukumbu ya bunduki ilikuwa imebaki mabegani.

Silaha ya mkononi yenye historia nzito kuliko zote katika eneo hili ni rivolva ya Webley Scott ya kipimo cha .38. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, pembezoni mwa msitu wilayani Nyeri, askari wa akiba Ndirangu wa Mau alimpiga risasi mguuni mtu aliyevaa ngozi ya chui. Alikuwa Dedan Kimathi. Serikali ya kikoloni haikumshtaki kwa kuongoza Mau Mau, wala kwa kifo cha mtu yeyote. Ilimshtaki kwa kupatikana na rivolva ile na risasi sita, kwani chini ya sheria za hali ya hatari kosa hilo peke yake lilitosha kumpeleka mtu kitanzini. Wapiganaji wengi wa msituni walitegemea bunduki walizojitengenezea kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na raba. Rivolva ya kiwandani ilikuwa alama ya cheo, na mbele ya sheria ikawa hukumu.

Kesi ilisikilizwa Nyeri mwezi Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O’Connor na wazee watatu wa baraza, Waafrika. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa akitoka msituni kwenda kujisalimisha. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu serikali ilikuwa imetangaza masharti ya kujisalimisha, na mtu anayejisalimisha lazima aje na silaha yake. Swali la mahakama likawa kuhusu safari ya rivolva: ilikuwa ikibebwa kwenda wapi asubuhi ile, na kwa nia gani? O’Connor hakumwamini. Rufaa zikakataliwa, na tarehe 18 Februari 1957 Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti.

Sanamu yake iliyosimamishwa Nairobi mwaka 2007 inamwonyesha akiwa na bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Rivolva iliyomuua kisheria haimo. Faili la kesi nalo lilihesabiwa kuwa limepotea kwa miongo mingi, hadi lilipopatikana na kuchapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur. Humo kuna ushahidi wa askari na wa madaktari, hati ya mashtaka inayotaja aina ya silaha, kipimo chake na idadi ya risasi, na maelezo ya mshtakiwa mwenyewe. Msomaji wa Kenya sasa anaweza kufanya kile ambacho mkusanyaji hufanya mezani kwake: kuchukua maneno yaliyosemwa kuhusu silaha moja, kuyapima dhidi ya ushahidi uliobaki, na kuamua mwenyewe kama Kimathi alikuwa akienda kuikabidhi.